Uji wa Mzee Semboja

Mgonjwa huulizwa uji.

Naona mnatazamana. Shuleni mmefundishwa kinyume chake: mgonjwa haulizwi uji; hupikiwa, akapewa, mjadala ukaisha. Hiyo nayo ni methali ya wazee, sina ugomvi nayo. Lakini hapa Kwemvumo tunaisema kwa kuigeuza, na mgeni akitusahihisha tunamwacha asahihishe mpaka achoke mwenyewe. Mmeniuliza imetoka wapi. Sogeeni, na huyo mwenye simu aiweke kifudifudi. Imetoka nyumbani kwa Mzee Semboja, na ilikuja namna hii.

Semeni, kitindamimba wa Mzee Semboja, alikuwa amechoka. Haukuwa uchovu wa kulima, ambao mtu akioga na kulala huamka ameuacha kitandani. Huu aliamka nao. Alichota nao maji, alifagia nao uwanja, alikaa nao jikoni akikoroga uji, na jioni aliurudisha ndani kama mbuzi anavyorudishwa zizini. Waliowahi kuuguza wanaujua. Ninyi wengine mtaujua.

Baba yake alikuwa ametoka hospitali, alikolazwa kwa homa ya mapafu. Nesi aliyewaruhusu hakuzungumza kwa mafumbo. Alisema, "Mapafu yamesafika. Dawa amemaliza. Kilichobaki ni chakula. Akila atainuka, asipokula hatainuka, na hapo sisi hatuna sindano ya kumdunga."

Naye hakula.

Mngemjua Mzee Semboja wa zamani mngeshangaa. Huyu ndiye aliyekuwa kicheko cha kijiji. Meno yalipomwisha aliwatangazia watu kwamba ameyagawa urithi mapema ili watoto wasigombane. Goti lake la kushoto lilipoanza ukaidi alilipa jina, akaliita Mwenyekiti, kwa kuwa halikusimama bila kuombwa na likishasimama halikutaka kukaa. Watu walipita kwake wakielekea kisimani, hata ambao kisima chao kilikuwa upande mwingine. Sasa alilala akiutazama ukuta, shavu limebonyea, na kijiko kikimfikia mdomoni midomo ilijifunga kama mlango wa duka siku ya Ijumaa.

Kaka yake Semeni, Mhina, alikuwa fundi umeme Tanga mjini. Yeye ndiye aliyemtoa mzee hospitali, akamleta nyumbani, na kabla ya kurudi mjini akaacha amri.

"Baba asisumbuliwe. Wageni waishie barazani. Redio iondoe chumbani. Simu yako uizime, isije ikamshtua. Na mizaha, Semeni, mizaha yote ikome. Akicheka anakohoa, na kikohozi ndicho kilichotaka kumchukua. Mpe uji mlaini."

"Na akiukataa, kaka?"

"Mgonjwa haulizwi uji."

Mhina hakuwa mtu mbaya, msimfikirie hivyo. Mama yao alipofariki yeye alikuwa mbali kikazi, akafika kukuta kaburi limekwisha kumwagiwa maji na watu wanakung'uta vumbi. Tangu hapo alimlinda baba yake kama mtu anavyolinda kibatari penye upepo, kwa viganja viwili, mpaka kibatari chenyewe kikakosa hewa.

Semeni alizitii amri zile zote. Nyumba ikanyamaza. Hata kuku aliwafukuza wasiwike karibu na dirisha. Wageni walikuja, wakaishia barazani, wakaketi na nyuso za maombolezo, wakanong'ona. Kila aliyeondoka aliacha dua ileile: "Mungu ampe wepesi." Sasa ninyi mnajua mtu huombewa wepesi akiwa amefikia wapi. Ukuta wa chumba cha mzee ulikuwa wa udongo, wala haukuwa mnene. Semeni aliwaitikia "Amin" kwa sauti ya chini, akarudi jikoni, akabandika sufuria ileile, akakoroga uji uleule.

Asubuhi aliupeleka, akaurudisha. Mchana aliupeleka, akaurudisha. Mara nyingine alimshika baba yake kidevu akamsukumia kijiko, na uji ukateremka shingoni mpaka kwenye shuka, naye akafua shuka. Mzee hakugomba. Hilo ndilo lililomtisha Semeni kuliko yote. Baba yake, ambaye zamani aliweza kubishana na jua kwa kuchelewa kuchomoza, hakugomba.

Hofu yake hakumwambia mtu, lakini mimi nitawaambia ninyi. Aliogopa kwamba baba yake atafia mikononi mwake, kijiko kikiwa bado kimeshikwa. Na alijua kijiji hakitasema homa ya mapafu ilimuua Semboja. Kitasema Semeni ndiye aliyekuwa akimlisha.

Kulikuwa na mwanamke mmoja, Bi Nyamizi, mkubwa wa umri, mwembamba, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde. Alikuwa Mnyamwezi. Baba yake aliletwa huku na treni ujana wake kuja kukata mkonge, na Tabora hakurudi tena. Na Mnyamwezi na Mzigua kama Semboja, kama hamjui basi jueni leo, ni watani. Mtani hutukana asishtakiwe. Huingia bandani akatoka na kuku mchana kweupe, na mwenye kuku akacheka kwa shingo upande. Kwenye msiba, wakati kila mtu ameelemewa, mtani ndiye mwenye ruhusa ya kuchekesha. Siku ya msiba wa mama yake Semeni, Bi Nyamizi alijilaza kizingitini jeneza lisipite, akasema harudi nyuma mpaka apewe jogoo, na jogoo mwenyewe asiwe kibogoyo kama mwenye nyumba. Watu walicheka huku machozi yanawatiririka, na waliobeba jeneza wakapata nguvu ya kulibeba.

Sasa mzee aliporudi kutoka hospitali, Bi Nyamizi alikuja kumwona. Semeni alimkuta mlangoni, akamwambia kwa adabu zote, "Bi Nyamizi, baba amepumzika. Kaka amesema wageni waishie barazani."

Mtani hafukuzwi mlangoni. Semeni alilijua hilo tangu akiwa mtoto. Lakini mtu aliyechoka hushika amri iliyo karibu naye, na iliyokuwa karibu ni ya Mhina. Bi Nyamizi aliutazama mlango, akamtazama Semeni, akasema, "Haya, mwanangu." Basi. Hakuongeza tusi hata moja, akaondoka, na Semeni akabaki amesimama na aibu ambayo hakuwa na nafasi ya kuishughulikia, kwa sababu uji ulikuwa unaungua.

Siku ikafika ambayo Mzee Semboja hakukubali hata maji. Semeni alimbembeleza, akamkaripia, akambembeleza tena. "Baba, kunywa japo kijiko. Mgonjwa haulizwi uji, baba." Mzee aligeuka, taratibu, kama mtu anayegeuza gunia, akaukabili ukuta. Semeni alitoka nje na bakuli lililojaa, akaliweka juu ya kinu, akasimama. Hakulia. Kulia nako kunataka nguvu.

Ndipo aliposikia kilio, si chake, kikitokea njiani.

"Uwiii! Semboja wee! Mtani wangu wee! Umeniacha na nani, mimi nimtukane nani!"

Alikuwa Bi Nyamizi, kajifunga kaniki kichwani, jembe begani, mkeka kwapani. Alilia kwa sauti iliyowatoa watu majumbani na unga mikononi. Jirani mmoja, Bwana Chambo, mtu mwenye haraka ya habari, hakungoja kuuliza. Alitoa simu mfukoni kabla hajavaa viatu, akampigia Mhina Tanga: "Pole, ndugu yangu. Mzee ametutoka. Kilio kimeshaanza." Mhina alimpigia dada yake papo hapo, akampigia tena na tena. Simu ya Semeni ilikuwa imezimwa, kama alivyoagiza yeye mwenyewe.

Semeni hakuyajua hayo. Alimkimbilia Bi Nyamizi uwanjani.

"Bi Nyamizi! Nyamaza, tafadhali! Baba hajafa!"

Bi Nyamizi alikatisha kilio katikati kama mtu aliyefunga bomba. "Hajafa?"

"Yu hai, yupo ndani!"

"Mbona nyumba imefiwa? Napita hapa kila siku, sisikii redio, sisikii mtu akigombezwa, sisikii hata kifuniko kikianguka. Nikasema, Wazigua hawa wamemficha maiti ili mtani akose jogoo wake."

"Bi Nyamizi, nakuomba. Hali yake ni mbaya."

"Basi ni vizuri nimekuja mapema. Nitachimba hapa hapa, karibu na jiko, apate kunusa chakula anachokikataa." Akashusha jembe, akapiga ardhi mara moja. Udongo ukaruka. "Ardhi yenu ngumu kama mioyo yenu. Ngoja nikampime kwanza, nisije nikachimba zaidi ya inavyohitajika."

Akauelekea mlango. Semeni aliwahi kusimama mbele yake, mikono kwenye miimo yote miwili.

"Kaka amekataza wageni."

"Mimi ni mgeni?"

"Kaka alisema..."

"Nakuuliza wewe, si kaka yako. Mimi katika nyumba hii ni mgeni?"

Semeni alimtazama mwanamke yule. Nyuma yake, juu ya kinu, aliliona bakuli la uji likianza kuota ngozi. Akaona kesho atapika lingine, na keshokutwa lingine, na siku moja hatalipika. Akaishusha mikono yake, akasogea pembeni.

"Pita," alisema.

Bi Nyamizi akalichukua lile bakuli juu ya kinu, akaingia nalo. Chumbani hakunong'ona wala hakutembea kwa ncha za vidole. Alisukuma dirisha likafunguka, jua likamwangukia mzee usoni, naye akakunja jicho. Kisha akachomoa kamba ya katani kiunoni, akaanza kumpima, utosini mpaka kisiginoni.

"Lo! Mrefu namna hii kwa faida gani? Hata embe hukuwahi kutuchumia. Itabidi tukukunje magoti. Hili la kushoto, wanaloliita Mwenyekiti, hili nitalikata, lizikwe peke yake kwa heshima zake."

Semeni, aliyesimama mlangoni, aliona mdomo wa baba yake ukitikisika pembeni.

"Nitachimba na mtaro wa maji," Bi Nyamizi aliendelea, "maana wewe hata kaburini utalalamika kunavuja."

"Pima vizuri."

Sauti ilikuwa kavu, imekwaruza, kama bawaba isiyotiwa mafuta. Semeni alishika mwimo wa mlango.

"Umesemaje, marehemu?"

"Nimesema pima vizuri, Mnyamwezi. Babu zako walipima mizigo vibaya, wakaibeba mpaka pwani ndipo wakagundua wamebeba mawe."

"Na babu zako walikaa njiani wanatutazama tukipita nayo, hawakuweza hata kusema 'pole'. Mzigua akipewa jembe anauliza mpini umetoka mti gani!" Bi Nyamizi akaketi kitandani, akachovya kidole katika uji, akaonja, akatema dirishani. "Nani kapika gundi hii? Semeni, mwanangu, unabandika karatasi?" Kisha akaligeuzia bakuli upande wa mzee, na sauti yake ikawa ya kawaida, ya mtu anayeuliza bei ya nyanya. "Haya, Semboja. Uji huu unautaka, huutaki?"

"Bi Nyamizi," Semeni alisema, "mgonjwa haulizwi..."

"Wewe nyamaza, sizungumzi nawe. Nazungumza na marehemu. Semboja, unautaka, huutaki?"

Semeni alijaribu kukumbuka kama tangu hospitali kuna mtu aliyemuuliza baba yake jambo lolote, akakosa. Walimwambia kunywa, geuka, lala, tulia, tema. Waliulizana wao kwa wao, juu ya kichwa chake. Yeye mwenyewe hakuulizwa.

"Siutaki," alisema mzee.

"Kwa nini huutaki?"

Mzee alizungumza akiitazama dari.

"Unalikumbuka banda la wagonjwa kule mkongeni? Wewe ulikuwa mdogo. Mtu akiugua alipewa ugali wake kama sisi wote. Akiweza alikula, akarudi kazini. Lakini akishindikana, ndipo mpishi alipopeleka uji. Ukimwona mpishi anavuka uwanja na bakuli, hasemi na mtu, unajua. Tulikuwa na msemo wetu: fulani kafikia uji. Na aliyefikia uji hatukumwona tena mkongeni." Akavuta pumzi. "Baba yako naye walimpelekea. Mimi ndiye niliyemshikia bakuli."

Bi Nyamizi alikuwa ameacha kutabasamu.

"Sasa nimerudi nyumbani kwangu," mzee akasema, "na asubuhi huyu mtoto anavuka uwanja na bakuli. Hasemi kitu. Mchana tena. Na huko barazani wananiombea wepesi. Nikasema, basi, wamekwisha kunijulisha kwa adabu. Mtu akionyeshwa mlango, ya nini kung'ang'ania kiti?"

Semeni aliteleza na ukuta mpaka akakaa chini. "Baba, mbona hukuniambia?"

"Nani aliniuliza?"

Hakuisema kwa ukali. Ingekuwa kwa ukali ingemuuma mara moja, kisha ikapita. Aliisema kwa uchovu, na Semeni akautambua uchovu ule, kwa kuwa ulikuwa sawa na wa kwake. Wawili wale walikuwa wamechoka katika nyumba moja, ukuta mmoja ukiwatenga, kila mmoja akidhani mwenziwe ndiye anayetaka kimya.

Bi Nyamizi alijifuta pua kwa ncha ya kaniki. Halafu akakohoa, akarudi kazini kwake.

"Kwa hiyo wewe, Semboja, mzee mzima, mvi mpaka ndani ya masikio, mkoloni hakukuweza, nguruwe pori hakukuweza, mke hakukuweza, unakufa kwa kutii bakuli?"

Mzee alitazama bakuli. Akamtazama Bi Nyamizi. Kitu kikaanza tumboni, kikapanda, kikamtikisa mabega, na kicheko kikatoka, kidogo na kikavu, kisha kikubwa. Na nyuma ya kicheko, kama Mhina alivyotabiri, kikaja kikohozi. Kilimkunja. Kilimwinua kichwa kutoka kwenye mto. Uso ulimwiva, macho yakamtoka, na Semeni akaruka akamshika mgongo, moyoni akisema, nimemuua, nimemuua kwa mkono wangu mwenyewe, kaka aliniambia. Kikohozi kilikwenda, kikaenda, mpaka mzee akatema kohozi zito kama utomvu wa fenesi. Akavuta pumzi. Pumzi ikaingia mpaka chini. Akavuta nyingine.

Alikuwa amekaa kitako. Hakuna aliyeona ameketi saa ngapi.

"Nataka bada," alisema.

Yaani ule ugali wa muhogo. Semeni alimtazama.

"Bada na mlenda. Na pilipili ionekane, isiwe ya kusimuliwa."

"Huna meno, wewe," Bi Nyamizi akasema.

"Mlenda unatafunwa? Lete bada, mwanangu, kabla huyu hajanizika na njaa."

Semeni alikwenda jikoni. Alisonga bada akiwa na machozi, na hakujua ni ya nini, kwani yalikuwa ya mambo mengi na yalichelewa. Mzee alikula matonge machache tu. Msidhani alimaliza sinia. Hadithi za watu wanaofufuka na kumaliza sinia waachieni waongo. Alikula matonge machache, akashiba, akasinzia akiwa amekaa, akaamka, akadai pilipili haikutosha. Kisha akataka kutoka nje. Walimshika huku na huku, Mwenyekiti akaombwa asimame, na wakamketisha uwanjani juu ya mkeka ambao Bi Nyamizi alikuja nao kwa ajili ya maiti yake.

Majirani waliokuja kuzika hawakuwa na la kufanya, wakaketi. Mwingine alikuwa amebeba kuni za msiba. Hakuona sababu ya kuzirudisha, akazitua. Mzee akamuuliza Bwana Chambo alikuwa amepanga kuchangia nini, Bwana Chambo akatazama vidole vya miguu yake, na uwanja mzima ukacheka.

Wakati wanacheka ndipo bodaboda iliposimama. Aliyeshuka ni Mhina. Shati limemganda mgongoni, macho yamevimba, na kwapani kashika furushi la kitambaa cheupe. Alisikia vicheko, uso wake ukaiva. Alidhani watu wanacheka msibani. Akasukuma bega la huyu na la yule apite, akafika mbele, akamkuta marehemu ameketi, ana mlenda kidevuni.

"Umechelewa, mwanangu," Mzee Semboja akamwambia. "Maziko yameahirishwa. Marehemu alikuwa na njaa."

Mhina alipiga magoti. Alimshika baba yake miguu, akaishika kwa nguvu kama mtu anayehakikisha ni ya moto, na akalia pale mbele za watu, mtu mzima, fundi mwenye jina lake. Hakuna aliyemcheka. Hata Bi Nyamizi aliangalia pembeni. Mzee alimwacha alie, akamwekea kiganja kichwani. Baadaye akalivuta lile furushi, akalifungua, akakipapasa kitambaa.

"Sanda nzuri. Iweke, itanifaa. Ila Nyamizi kapima, na mimi naiona fupi."

Watu wakacheka tena. Mhina hakucheka. Alisimama, akajifuta uso, na hasira ikashika mahali hofu ilipokuwa.

"Nani aliyelia hapa asubuhi?"

"Mimi," akasema Bi Nyamizi.

"Umemlilia baba yangu naye yu hai. Nimetoka Tanga mpaka hapa nalia ndani ya basi, watu wananinunulia maji. Nimemnunulia baba yangu sanda kwa mkono wangu. Niombe radhi."

"Mtani haombi radhi, Mhina. Uliza mzee yeyote aliyeketi hapa. Ukitaka, kamata kuku wangu mmoja, ndiyo sheria."

Wazee waliokuwapo waliinamisha vichwa kukubali. Mhina alijua ni kweli. Akamgeukia dada yake, aliyekuwa amesimama karibu na jiko, mwiko wa bada bado mkononi.

"Basi wewe si mtani. Wewe ni damu yangu. Nilikuachia maneno, Semeni. Nilikwambia wageni waishie wapi? Nilikwambia mizaha ifanywe nini? Angekatika pumzi na kikohozi ungesema nini mbele yangu? Nilikukabidhi baba."

"Ulinikabidhi," Semeni akasema.

"Na bado ukamfungulia huyu mlango."

"Nikamfungulia. Hakunisukuma. Nilisogea mwenyewe."

"Basi omba radhi. Hapa, mbele ya hawa walioniona nalia. Omba radhi, yaishe."

Semeni alikuwa hajawahi kumkatalia kaka yake jambo. Kila mtu pale alilijua hilo, na Mhina alilijua kuliko wote. Semeni alikuwa amechoka bado. Msifikiri mchana mmoja unamaliza uchovu kama ule. Mbele yake kulikuwa na vyombo, shuka la kufua, na baba mzee ambaye sasa atadai pilipili asubuhi, mchana na jioni, na atagomba ikichelewa. Na aliidai kweli, na akagomba kweli, kwa misimu mingi ya mahindi iliyofuata. Semeni aliweka mwiko juu ya kinu. Akajipangusa mikono kwenye kanga. Akamtazama kaka yake usoni, pasipo hasira, kama anavyotazama mtu asiye na nguvu za kuzungusha maneno.

"Pole ya safari, kaka. Pole ya machozi yako, na pole ya sanda. Pole nakupa, nakupa zote. Radhi siombi."

"Semeni!"

"Siombi leo, wala kesho siombi. Mgonjwa huulizwa uji."